Jibu kutoka meza ya vitambaa

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Je, maisha na dunia hii vina maana yoyote ya kweli, au tunajidanganya tu?" Nimelisoma swali lenu dukani, mvua ikiwa imewafukuza wateja, na kabla sijapata jibu nikajikuta nabishana na neno lenyewe.

"Maana" tulilitoa kwa Waarabu, lakini tumeshalizoea tukalifanya letu. Huku Kariakoo mtu asipofika msibani wala kutuma pole, tunasema hana maana. Akikopa akalipa bila kukumbushwa, huyo ni mtu wa maana. Hakuna anayesifiwa kuwa na maana akiwa amejifungia chumbani peke yake. Kwa hiyo kwa Kiswahili ninachozungumza mimi, swali lenu limekatwa mkia: maana kwa nani? Dunia haina jirani wa kuisema.

Mpwa wangu aliye mwaka wa pili chuoni atanicheka. Jumapili moja alitueleza kwamba jua lina umri wa miaka kama bilioni 4.6, limebakiza kama bilioni 5, na likikaribia mwisho litavimba liunguze kila kilichopo hapa. Sasa tunahangaikia nini? Hesabu sikuibishia, wataalamu wa anga ndivyo wasemavyo. Ila jioni ileile alirudi kutoka Mbagala amefura, konda wa daladala kamdhulumu chenji, shilingi 200. Alilisema jambo lile mpaka tukamaliza kula. Kwa mtu aliyekwisha kulizika jua, mia mbili ilimuuma sana.

Masheikh na mapadri wana jibu lao, na mimi swala tano sijaziacha. Lakini sidhani mmeuliza ili niwarudishie hotuba ya Ijumaa.

Tazameni jina la hapa nilipo. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916 waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kikosi kiliitwa Carrier Corps, wenyeji wakatamka walivyosikia, ikawa Kariakoo. Wapagazi wale walibeba risasi na unga vichwani, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Ukiniuliza kifo cha mpagazi mmoja kilikuwa na maana gani katika ugomvi wa Mwingereza na Mjerumani, sina cha kukujibu, na anayekuja na jibu la harakaharaka namtilia shaka. Pale Barabara ya Samora askari ana sanamu yake tangu 1927, bunduki ameielekeza bandarini. Mpagazi yeye jina la kikosi chake limekuwa soko, na kila siku analitaja mtu anayetafuta nyanya, viatu au kioo cha simu, bila habari. Siiti hiyo fidia. Naona tu kwamba neno lile lilipopoteza maana yake ya kwanza halikukaa tupu hata siku moja, watu walilivamia.

Sasa niseme la dukani, maana ndilo lililonishikisha kalamu (mnaona, hata hapo nimelitumia). Mimi nauza vitenge, satini, vitambaa vya sare, na bafta. Anayekuja kununua bafta nyeupe asubuhi na mapema, mara nyingi anataka sanda. Mwezi uliopita aliingia kijana kabla sijamaliza kufagia, helmeti ya bodaboda mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Nataka sanda. Ya mwanamke."

Nikampa pole. Ni bibi yake, amefariki alfajiri, wanazika saa kumi. Nikamshushia majora mawili, bafta nyepesi na bafta nzito, na tofauti ya bei si ndogo. Nilimwona anavyohesabu noti kwa dole gumba humohumo mfukoni, kwa hiyo nikafanya asilotakiwa kufanya mwenye duka. Nikamwambia, chukua hii nyepesi baba, nguo zote tano zinatoka, sheria imetimia. Inakwenda udongoni, nani ataiona?

"Najua," akasema. Akashika pindo la ile nyepesi akalifikicha kwa vidole viwili. Wanga ukamwagika mezani kama unga. Akafikicha na ile nzito, haukutoka kitu. "Bibi alikuwa hanunui nguo bila kufikicha. Alikuwa anatutia aibu madukani. Nipe hii."

Nawajua wanawake wa namna hiyo, sisi wenye maduka tulikuwa hatuwapendi. Kitambaa chenye wanga mwingi kinang'aa rafuni, ukikifua mara moja kinakuwa chandarua. Lakini sanda haifuliwi! Kijana yule alilijua hilo vizuri kama mimi, na bado alikuwa anamchagulia bibi yake kitambaa kisichochuja. Mpwa wangu ataita ujinga, na kwa hesabu ya jua lake ni ujinga kweli. Mimi maana ya kweli mnayoiuliza niliiona pale, mita moja kutoka usoni pangu, na sikuona kama ingepungua endapo jua lingebakiza wiki mbili tu.

Nikapima, nikaongeza nusu mita bila kusema, nikamwelekeza duka la jirani kwa ubani, karafuu maiti na mawardi. Alipoondoka nikafuta ule wanga mezani. Kisha nikalishika lile jora jepesi, nikalifikicha mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nilinunue. Nimelishusha bei.

Msomaji wenu, Kariakoo, Dar es Salaam