Shida sio wino, ni plastiki
Kaka, umeuliza kwa nini wino unabanduka kwenye mifuko yako ukikwangua na kucha. Polietilini, yani plastiki ya hiyo mifuko, ina nguvu ya uso (uwezo wa kuvuta kimiminika kishike) kama daini 31 hivi, daini ndo kipimo chake, na wino mwingi unataka 38 kwenda juu, ndo maana haushiki. Dondoshea tone la maji juu ya mfuko sasa hivi, utaona linajikunja duara kama kwenye jani la mgimbi. Viwandani wanaipitisha kwenye plazma ya hewa ya kawaida, yani hewa inapigwa umeme wa volti nyingi mpaka inatoa mwanga wa zambarau, inapachika oksijeni kwenye uso wa plastiki na hapo tone linatandaa, wino unang'ang'ania. Tena haihitaji chemba ya kunyonya hewa, mashine inakaa hapohapo kwenye laini ya uzalishaji. Hiyo ndo wanaita kutibu plastiki.

Ila hiyo tiba haidumu! Mimi nilichukua rola ya plastiki Kariakoo imekaa stoo miezi kibao, muuzaji ananiambia imeshatibiwa, nikaprinti, kubandika selotepu na kuvuta maandishi yote yakaja nayo. Omba iliyotibiwa karibuni, na uulize upande gani, mara nyingi wanatibu mmoja tu.