Mnaanzisha kundi? Ongeeni kwanza habari za atakayeondoka

Vijana wakinifuata kuniambia wanaanzisha kundi la muziki, watatu wanne hivi, sauti kali balaa, mi nawauliza kitu kimoja tu, mmoja wenu akisepa jina linabaki kwa nani? Wanacheka. Basi nawapa stori ya Blu*3.

Wale wadada wa Uganda, Jackie Chandiru, Lilian Mbabazi na Cindy, hawakukutana mtaani wakapendana, waliunganishwa na shindano la Coca-Cola Popstars mwaka 2004, lile lile lililotupa Wabongo kundi la Wakilisha (Langa, Witness na Shaa) na Kenya wakapata Sema ya kina Sanaipei Tande. Wakilisha na Sema hazikukaa, kila mtu akashika njia yake. Blu*3 wao wakakomaa, wakatoka na albamu ya Hitaji, ila 2008 Cindy akatoka, akaingizwa Mya, wakasukuma kidogo halafu Jackie na Lilian nao kila mmoja akaenda kivyake, ikawa ndo basi.

Watu wanasema kubadilisha mtu ndo kunaua kundi. Mi sikubali. Angalia Sugababes wa Uingereza, walianza 1998, kufika 2009 wale watatu wa mwanzo wote hawapo na jina bado linatembea, tena wenyewe waliporudi kuimba pamoja ikabidi wajiite MKS. Yaani jina walianza nalo wao halafu wakati huo hawakuruhusiwa kulitumia, mpaka 2019 ndo wakalipata tena!

Sisi tulikuwa wanne, kazi zetu nyingi harusi na sendofu, mwenzetu akapata ajira mkoani akaenda, hakuna ugomvi wowote, shida ni kwamba peji ilifunguliwa kwa namba yake na wateja wote wanampigia yeye. Kwa hiyo laini ya kundi iwe ya kundi, na pasiwedi wajue angalau wawili. Hela ya shoo gaweni siku hiyohiyo, toeni nauli na ya studio kwanza, mbele ya wote, msiseme tutapiga hesabu mwisho wa mwezi.

Na huyu mgeni jamani msimpe nyimbo za zamani siku ya kwanza. Dada aliyekuja kwetu alikuwa na sauti nzito, tukimpa vesi za aliyeondoka anahangaika, watu wanaulizana yule mwingine yuko wapi, tukamwandikia wimbo wake mpya tukaanza nao kila shoo, za zamani tukashusha ki, yaani tukaziimba kwa sauti ya chini zaidi, mambo yakakaa sawa. Hapo ndo makundi mengi yanazingua, wanatafuta mtu wa kuziba pengo na sio mwimbaji.

Prodyuza akiwaambia studio ni bure muulizeni nyimbo zitakuwa za nani kabla hamjaingiza sauti. Halafu nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, mkasajili kazi, majina ya waliotunga yaandikwe yote, hata la yule ambaye sa hivi hamsalimiani.