Usilipe arubuni ya fungu la mchanga kabla ya kuutazama mwezi

Usilipe arubuni hiyo, ndugu mleta mada. Umeandika kwamba unaandaa mkutano wa siku moja wa watu 60 hapa Zanzibar na karamu ya jioni, kwamba unapima kati ya Ngome Kongwe, shamba la viungo na Nakupenda, lile fungu la mchanga lililo baharini nje ya mji, na kwamba moyo wako umekwisha kuangukia kwenye fungu kwa sababu Jumamosi uliyoichagua mwezi utakuwa mpevu na picha zitapendeza. Mwezi huo huo mpevu ndio ulionitosa mimi.

Nilikabidhiwa hafla ya kumuaga mkubwa wetu wa kazi aliyekuwa anastaafu, wageni 70. Dalali mmoja wa shughuli alinipeleka kuliona fungu saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi kuandama, nikakuta mchanga mweupe mpana ambao vijana wangeweza kuchezea mpira. Nilimuuliza kama maji hupafunika, akacheka, akaniambia kwamba hapo ni pakavu mwaka mzima. Sitamtaja, ingawa vidole vinaniwasha. Nikalipa shilingi milioni 4 na laki 6, nikapanga wageni wakae mezani saa saba mchana, tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, nami nikijiona bingwa wa kupanga.

Jambo ambalo mvuvi yeyote pale diko la Malindi, hapa mjini, angeniambia bure, na ambalo mimi, mtu wa bara mwenye shahada, sikulijua, ni kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua. Siku hizo maji ya hapa hupanda na kushuka karibu mita 4, nayo hupwa mnamo saa nne na kujaa mnamo saa kumi, mchana na usiku. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja: huanza taratibu, hukaza katikati, kisha hupoa yanapokaribia kujaa. Kwa hiyo dalali alinionyesha fungu katika saa ambayo liko wazi kuliko wakati wowote, nami nikawakalisha wageni katika saa ambayo bahari hupanda kwa kasi kuliko zote.

Biriani ilipopakuliwa, miguu ya viti vya nyuma ilikuwa imeanza kuzama mchangani. Ilipofika saa nane na nusu, mpishi alikuwa amebeba keki kichwani, jenereta imezimwa, na mama mmoja mtu mzima amepandishwa juu ya meza pamoja na vipaza sauti. Mgeni rasmi alimalizia hotuba akiwa amekunja suruali hadi magotini. Boti nazo hazikuwepo, kwa kuwa dalali alikuwa amezirudisha mjini kuchukua watalii wengine, na mtu huyo aliyekuwa na jibu kwa kila swali hakuwa na jibu kwa simu zangu kumi na moja. Tuliokolewa kwa makundi na ngalawa za wavuvi. Ofisini hadi leo naitwa Nuhu, nami huwajibu kwamba Nuhu angalau alikuwa na safina.

Basi kama ni lazima iwe fungu, tafuta jedwali la maji la bandari, uende ukapaone mahali penyewe katika tarehe ileile ya mwezi na saa ileile ya shughuli, na umuulize nahodha ambaye hatapata hata senti katika safari yako. Siku zinazofaa ni za maji mafu, kuanzia tarehe 8 au 22 ya mwezi wa Kiislamu na siku moja au mbili zinazofuata, kwa sababu hapo tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 1 na ushei, na maji hupwa alasiri badala ya kujaa. Hata siku hizo, boti za kuwatosha wageni wote kwa mkupuo mmoja zitie nanga hapo hapo mpaka mtu wa mwisho apande, na muwe mmeondoka kabla ya magharibi. Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi inapovuma, hata safari ya kwenda huko inaweza kuwalowesha watu.

Ngome Kongwe imesimama pale mbele ya Forodhani tangu mwisho wa karne ya 17, na ina uwanja wa wazi wenye ngazi za kukalia ambako tamasha la Sauti za Busara limekuwa likipigwa. Bahari haitakufuata humo ndani.

Nitumie tarehe kamili ya hiyo Jumamosi yako nikuhesabie saa za maji, na arubuni ikae mfukoni mpaka nikujibu.