Ulimi Unapokwama Kwenye Bei

SWALI: Assalamu alaykum. Nina duka la leso Biashara Street. Wateja wa dukani hawanitishi, lakini nikiitwa na meneja wa ununuzi wa hoteli kule Nyali, tukifika kwenye bei najivuruga. Nasema, "Doti mia nane na hamsini, lakini naweza kukupunguzia," naye hata hajafungua kinywa. Binti yangu anacheza mpira wa vikapu, na kocha wao huwafundisha kutuliza akili. Je, mambo hayo yatanifaa na mie? – Mama Leso, Kibokoni

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Yatakufaa, ila wewe tukupeleke kwenye penalti. Geir Jordet, mtafiti wa Norway, alichunguza penalti za mashindano makubwa akakuta kwamba wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi. Presha huwafanya watake mambo yaishe tu. Punguzo lako ni haraka hiyo hiyo, na lina gharama: oda ya doti 200, ukishuka kutoka 850 hadi 780, umeacha shilingi 14,000 mezani bila kuombwa.

Usiku wa kuamkia mkutano andika bei tatu kwenye karatasi: ya kutaja, ya kukubali, na ile ambayo chini yake unakunja leso zako unaondoka. Usiziweke kichwani, maana moyo ukidunda hesabu ndizo za kwanza kupotea. Ukiwa unasubiri mapokezi, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6, mara tano. Kule kutoa polepole ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Wengi huvuta kwa nguvu na haraka, wakaishia na kizunguzungu.

Kisha taja bei, weka doti ya sampuli mezani, unyamaze. Kimya hicho ndicho kigumu kuliko vyote, kwa hivyo kipe mikono kazi: kunjua leso, mwonyeshe pindo na jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Atakayeongea kwanza awe yeye.

Sasa mazoezi. Kioo hakikusaidii, kioo hakibishani bei. Mkalishe shemeji au jirani mwenye maneno awe meneja: akukatize, apokee simu katikati, aseme "Kongowea napata kwa nusu." Vaa nguo utakazovaa siku yenyewe, shika sampuli zenyewe. Dakika kumi, mara tatu ndani ya wiki, zinatosha. Kwa kila pingamizi uwe na jibu lililofungwa tayari: *akisema ni ghali, nitamuuliza anahitaji doti ngapi na lini*. Lakini usikariri hotuba neno kwa neno. Aliyekariri huanza kuusikiliza ulimi wake mwenyewe, na hapo ndipo unapokwama. Neno moja la kujikumbusha, tuseme "polepole", linatosha.

SWALI: Nina vijana wanne wanaouza sola kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Kila mmoja ana lengo la shilingi laki sita kwa mwezi. Ikifika tarehe 20, aliyebaki nyuma hulegea kabisa. – Bw. S., Bamburi

JIBU: Matokeo ya mechi hayako mikononi mwa mchezaji peke yake, mpinzani naye yumo. Ndiyo maana makocha hutenga lengo la matokeo na lengo la kazi yenyewe. Laki sita ibaki ukutani. Asubuhi zungumzia kazi ya leo tu, kwa mfano kwotesheni tatu (makadirio ya bei kwa mteja) na simu tano kwa wateja wa zamani. Aliye nyuma tarehe 20 bado anaweza kulifikia lengo la siku hiyo.

Jihadhari na unachokihesabu. Ukihesabu ziara, utaletewa ziara za hewa. Hesabu kwotesheni iliyotumwa kwa WhatsApp ikiwa na jina la mteja, vipimo vya paa na vifaa anavyotaka kuwasha. Ijumaa pitieni zilizokataliwa, na uulize sababu kabla ya kulaumu, la sivyo wiki inayofuata zitafichwa.