Kampuni inayumba: uwaambie watu au unyamaze?

Mkuu, umeuliza kama uwaambie vijana wako 14 kwamba mkataba mkubwa umekatika, au ukaushe mpaka upate mwingine. Mwaka 2020 nilikuwa mhasibu wa kampuni ya utalii Arusha, kwa hiyo haya nimeyaishi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alipatikana hapo hapo Arusha, akatangazwa 16 Machi. Wageni wakaanza kufuta safari na kudai pesa zao. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa. Bosi akaniambia nisimwambie mtu. Nikanyamaza, kumbe watu walishajua: sukari ya chai ya saa nne ilikuwa imepunguzwa! Nikirudi benki, madereva wananisoma uso. Mmoja akauza jeki ya gari la kampuni, kwamba anajilipa mapema. Mpishi wa kambi, mtu mzima niliyempa shikamoo kila asubuhi, akawa anaitikia marahaba bila kuniangalia. Hilo liliniuma kuliko kukosa mshahara.

Mwisho wa mwezi bosi akasalimu amri. Akatuita uani, katikati ya Land Cruiser zilizochomolewa betri, akanipa karatasi nisome kwa sauti: benki kuna kiasi gani, tunadaiwa kiasi gani, mishahara itaishia mwezi gani. Yeye mwenyewe akasema hachukui kitu tangu siku hiyo. Kimya kirefu. Kisha madereva, si bosi, wakapendekeza nusu mshahara kwa wote na gari mbili ziuzwe. Wawili wakaomba likizo bila malipo wakalime vitunguu Mang'ola.

Sikudanganyi, miujiza haikutokea. Watalii nchini walishuka kutoka kama milioni 1.5 mwaka 2019 hadi laki sita na ushee, na Septemba tuliwapunguza watu watano. Ila hakuna hata mmoja aliyetupeleka CMA, tume ya kusuluhisha na kuamua migogoro ya kazi. Hesabu walikuwa wanazijua.

Halafu kuna sheria. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka utoe taarifa na ushauriane nao kabla ya kupunguza watu. Ukikausha leo ukawashtukiza kesho, utajieleza mbele ya msuluhishi.

Waite kabla ya tarehe ya mshahara, karatasi ya hesabu mkononi. Na uisome mwenyewe, usimtwishe mhasibu wako.