Je, ni halali kuhiji misheni za kale za California?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mwenyeji wa Moshi, naishi California. Kikundi chetu cha sala parokiani kinapanga kuhiji misheni za zamani zilizojengwa na Wahispania. Mwenzangu kazini, ambaye ni wa wenyeji wa asili wa huko, aliposikia alisema mababu zake walichapwa viboko humo. Tangu hapo nasita. Je, ni halali kuhiji mahali kama hapo? Na nikienda, nitapata rehema kamili?

JIBU: Milele amina.

Ni halali. Lakini mwenzako hakukudanganya, na mtu akikuambia hizo ni porojo za maadui wa Kanisa, usimsikilize. Misheni 21 zilianzishwa kati ya 1769 na 1823, kutoka San Diego hadi Sonoma, na mapadre Wafransisko walioingia pamoja na askari wa mfalme wa Hispania. Mwenyeji akishabatizwa hakuwa tena na ruhusa ya kuondoka apendavyo. Akitoroka alisakwa, akirudishwa alichapwa. Na maradhi yaliyokuja na wageni yaliua wengi kuliko viboko.

Utauliza, mbona Junípero Serra, aliyeanzisha zile tisa za kwanza, ni mtakatifu? Mwaka 1773 alisafiri hadi Mexico City kumshtakia makamu wa mfalme juu ya askari waliokuwa wakiwanajisi wanawake wa wenyeji. Padre huyohuyo aliona kuchapa waongofu ni malezi. Yote mawili ni kweli. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu Septemba 2015 akiwa Washington. Julai ya mwaka huohuo, akiwa Bolivia, alikuwa ameomba msamaha kwa maovu waliyotendewa wenyeji wa Amerika. Kanisa linapomtangaza mtu mtakatifu linasema yuko kwa Mungu, nasi tumwombe atuombee. Halisemi kila alichotenda kilikuwa sawa, sembuse utawala wote aliofanya kazi chini yake.

Sasa hija yenyewe. Wengi huingia kanisani, hupiga picha altare, hununua rozari, hupanda gari. Mimi nakuomba uanzie makaburini. Pale San Francisco, kwenye misheni ya Dolores, wamezikwa wenyeji wapatao 5,000, na wengi hawana hata alama ya kaburi. Hao walibatizwa, walipakwa mafuta, walizikwa na Kanisa. Kwa hiyo ni marehemu wetu, kama walivyo wale tunaowaombea kila Novemba huko nyumbani, na sijui ni wahujaji wangapi huwasomea hata “Raha ya milele uwape, ee Bwana”. Kaa hapo. Sali rozari nzima, usikimbizwe na ratiba ya basi. Wapo pia wazao wao ambao ni Wakatoliki hadi leo, kama Waacjachemen wa San Juan Capistrano.

Kuhusu rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu zote za dhambi zilizokwisha kusamehewa, si kila misheni inayo. Carmel, alikozikwa Serra, na San Diego ni basilika ndogo, yaani makanisa yaliyopewa heshima ya pekee na Papa. Humo unaweza kuipata siku ya Watakatifu Petro na Paulo, sikukuu ya somo wa kanisa, tarehe 2 Agosti, na siku moja kwa mwaka utakayoichagua mwenyewe. Sali humo Baba Yetu na Nasadiki, pamoja na masharti uyajuayo: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote. Unaweza kuitolea kwa ajili ya marehemu. Wewe ningekushauri ufanye hivyo.

Waambie pia wapangaji wenu kwamba La Purísima na ile ya Sonoma sasa ni hifadhi za serikali ya jimbo, si parokia. Misa ya siku hizo ipangwe kwingine.

Na mwenzako usimshawishi akusindikize. Akikuuliza kama bado unakwenda, mwambie unakwenda kuwaombea waliozikwa huko, ikiwa kweli ndicho unachokwenda kufanya.