Mtu mzima, soma hadithi ya sungura

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, na umri wako huo bado unatushauri kusoma vitabu vya sungura? Hayo si ya watoto?" Sikumjibu siku hiyo, maana swali lilinigusa pabaya. Ndilo aliloniuliza bosi wangu wa zamani aliponikuta nasoma kitabu cha sungura saa ya chakula, na ofisi nzima ikacheka.

Kitabu chenyewe ni Watership Down cha Mwingereza Richard Adams, kilichotoka mwaka 1972. Adams alikuwa mtumishi wa serikali, na hadithi hii aliianza kwa kuwasimulia binti zake wawili wakiwa safarini kwenye gari. Wachapishaji kadhaa walikikataa. Mimi nilikinunua kwa wauza vitabu vya mtumba Posta, jalada limechanika, nikakisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni. Kurasa za mwanzo zilinishinda mara mbili kwa wingi wa majina ya maua na majani ya huko kwao. Yaruke, endelea.

Sungura mdogo, Fiver, anahisi balaa linakuja. Mkuu wao hataki kusikia, basi Fiver, ndugu yake Hazel na wenzao wachache wanatoroka usiku. Waliobaki wanakuja kuzibiwa mashimo na kuuawa kwa gesi, ili binadamu wajenge nyumba. Njiani wale watoro wanafika kwenye makazi ya sungura wengine: wakubwa, wapole, manyoya yanang'aa. Mkulima anawaachia karoti, na mbweha akisogea anampiga risasi. Wageni wanakaribishwa vizuri sana. Ila ukiuliza "fulani yuko wapi?", mazungumzo yanageuzwa. Kisha asubuhi moja Bigwig, mtoro mwenye nguvu kuliko wenzake wote, ananaswa shingoni na waya. Kumbe mkulima alikuwa akiwavuna mmoja mmoja, na wenyeji walijua.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Kazini kwetu chakula cha mchana kilikuwa bure. Mshahara uliingia tarehe 25 bila kuchelewa, na jioni gari la kampuni lilitushusha karibu na nyumbani. Na kila baada ya miezi michache kiti kimoja kilibaki wazi. Barua asubuhi, saa sita mtu hayupo, kesho yake jina lake halitajwi. Aliyenifundisha kazi, niliyekaa naye meza moja miaka sita, aliondoka hivyo hivyo. Sikumpigia simu. Siku ile kulikuwa na pilau, nikala. Barua yangu ilikuja mwaka uliofuata, lakini hiyo hainiumi kama pilau ile.

Mtoto akisoma sura hiyo anauona waya. Mtu mzima anawaona waliojua wakanyamaza, na kama ni mkweli, anajiona katikati yao. Ndiyo maana nasema kitabu hiki ni chetu. Sisi tumelelewa na Sungura mjanja anayewazidi akili Simba na Fisi. Sungura wa Adams nao wana mjanja wao, El-ahrairah, wanayesimuliana habari zake wakiwa na hofu. Tulipokua tukamwacha Sungura kwa watoto, tukahamia vitabu vya kutafuta utajiri. Nimevisoma hivyo, vingi. Hakuna hata kimoja kilichoniuliza nilinyamaza wapi na kwa ajili ya nini.

Basi ndugu yangu, anza leo. Kurasa kumi kila usiku, simu iwe chumba kingine. Ukiwa na watoto, wasomee kwa sauti, uwafafanulie kwa Kiswahili. Usione aibu. Wakicheka waache wacheke, wewe soma. Aibu ndiyo inayotunyamazisha, hata pale tunapopaswa kusema.

Kati ya wenyeji wale yuko mmoja anaitwa Strawberry, ambaye mkewe alishachukuliwa na waya. Hazel na wenzake wanapoondoka, anawakimbilia, anaomba aende nao. Silver, mmoja wa watoro, hataki, anamwambia arudi kwa mkewe. Strawberry ananong'ona tu, "Waya." Hazel anamkubali.

Ukurasa huo nimeurudia mara nne. Mwezi uliopita nikaitafuta namba ya yule mwenzangu wa meza moja. Iliita muda mrefu, akapokea. Salamu zilinishinda, nikajikuta nauliza tu, "Uko wapi siku hizi?"